Marehemu wa Jalada la Nyuma

Kwao walimwita Redio. Jina hilo alipewa na baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, kwa sababu utotoni alikuwa hanyamazi. Kila baba aliporudi safari alimkuta mlangoni na maswali yake: umebeba nini, umepeleka wapi, kule wanatengeneza nini, na kwa nini hicho hawatengenezi wenyewe. Mama alikuwa akimkemea amwache mtu avue viatu kwanza. Baba alicheka tu, akakaa kwenye kiti cha jikoni na vumbi lake, akajibu swali moja baada ya jingine mpaka chai ikapoa.

Sasa mtoto wa namna hiyo ukimpeleka shule unategemea awe nini? Akawa mwandishi wa habari. Na si yule wa kukaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, la. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea, maana yake hana bosi, hana likizo, hana bima, na akiumwa jino huko ugenini anaumwa peke yake. Aliandika habari za uchumi wa nchi za watu: viwanda vinavyofunguliwa na vinavyofungwa, mashamba ya pamba, viwanja vya makontena, barabara zilizojengwa kwa mbwembwe zikaishia porini. Magazeti ya ng'ambo yalimpenda, maana alikuwa na mtindo wake. Akifika mji asioujua, kabla hajamwona afisa yeyote, alikwenda kusimama kwenye maegesho ya malori. Aliangalia gari gani linaingia limesheheni na gari gani linatoka tupu, akapiga soga na madereva na matingo, wasaidizi wao. Wenzake walihangaika kupata miadi na wakurugenzi, yeye yuko juani na kikombe cha chai ya kibandani. Lakini makala zake ndizo zilizosomwa. Aliulizwa mara nyingi mtindo ule kaufundishwa na nani, naye akajibu kwamba ni uzoefu tu.

Uzoefu gani bwana. Mtindo ule ulikuwa wa baba yake mtupu, na baba yake huyo yeye alikuwa amemuua.

Hebu tuelewane mapema, usije ukaita polisi. Mzee yuko hai, ana afya yake, anaishi na mwanawe wa kiume na mke wa mwanawe, anamwagilia maua asubuhi na kugombana na jirani kuhusu mpira wa maji. Aliuawa kwa maneno, na hata maneno yenyewe hakuyaandika binti kwa mkono wake. Aliyaacha tu yaandikwe, halafu akayaacha yakae.

Ilikuwa hivi. Makala yake ya kwanza kubwa ilihusu kiwanda cha saruji cha nchi jirani. Mhariri wa gazeti moja la ng'ambo akampigia simu, akamwambia makala imesimama vizuri, ila anataka mistari michache ya kumtambulisha mwandishi, ile inayowekwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Redio akamtajia shule alizosoma. Mhariri akaguna. Akamwuliza kama hana jambo la kugusa moyo kidogo, kwa sababu wasomaji wanapenda kuona kwamba mtu anayewaandikia habari za maendeleo ameyaonja maisha. Redio alikuwa kwenye chumba cha nyumba ya wageni, ameegemea dirisha ambako mtandao ulishika kidogo, na hamu yake ya kuliona jina lake gazetini ilikuwa kubwa kuliko chumba chenyewe. Akasema mama yake aliwahi kufua nguo za watu. Hilo lilikuwa kweli, alifua kipindi lori lilipokufa injini. Na baba? Baba, akasema, hakuwepo sana.

"Pole sana," mhariri akasema kwa sauti ya chini.

Redio akajua pole ile ilikuwa ya nini. Angeweza kusema pale pale kwamba hapana, baba yuko safarini tu, tena Ijumaa anarudi. Hakusema. Alisema asante.

Gazeti lilipotoka, chini ya makala palikuwa na maneno haya: mwandishi alifiwa na baba akiwa mdogo, akalelewa na mama peke yake, aliyekuwa akifua nguo za watu.

Alishtuka, tusimsingizie. Aliandika barua pepe ya kusahihisha, akaiweka kwenye rasimu, akajiambia asubiri kwanza makala ya pili ikubaliwe. Makala ya pili ikakubaliwa. Gazeti jingine likamtafuta, na maelezo ya mwandishi likayanakili yale yale. Kazi ya kujitegemea ndivyo ilivyo: hakuna anayeanza kukuuliza upya wewe ni nani, kila mmoja anachukua alipoishia mwenzake. Shirika fulani likamwalika kuzungumza kwenye mkutano, na aliyemkaribisha jukwaani akaeleza kwa uchungu habari za binti asiye na baba aliyeyazunguka mataifa kutafuta ukweli. Watu wakapiga makofi. Redio akainamisha kichwa, wakadhani ni majonzi.

Na usiseme alizoea. Kuna makosa mtu anayazoea, akala, akalala. Hili lilikataa. Kila alipompigia baba yake simu alishikwa na hofu ya kijinga kwamba haitapokelewa, kwamba maneno yale yametimia. Ikipokelewa, mzee akisema, "Haya Redio, leo uko nchi gani?", alishusha pumzi, kisha nafsi ikaanza kumsuta upya. Mama yao alipougua, aliyemwogesha na kumlisha mpaka akafumba macho ni mzee huyo huyo, dereva mstaafu mwenye mikono mizito. Redio alifika kwa mazishi, akamwona baba yake amekonda kwa kukesha, akalia kuliko watu wote. Nusu ya machozi yale haikuwa ya mama. Baada ya hapo akawa anamtumia mzee viatu, koti, shuka nzuri, mashine ya kupimia presha. Vyote vilikuwa fidia, na mzee wa watu alikuwa akivipitisha kwa majirani kuvionyesha.

Aliyekuwa akijua siri hiyo pale nyumbani ni mmoja tu, naye ni wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Wifi alikuwa mwalimu wa lugha ya kigeni shule ya sekondari, na makala za Redio ziliandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Mzee hakuijua zaidi ya maneno ya mipakani: simama, karatasi, fungua turubai. Kwa hiyo kila makala ilipotoka, mdogo mtu aliichapisha dukani, na Jumapili mchana baada ya kula mzee alikaa kwenye kiti chake, mikono tumboni, akasomewa. Wifi alisoma kimoyomoyo sentensi moja, akaitoa kwa lugha ya nyumbani. Mzee alikuwa hawezi kutulia. "Hapo kwenye mizani ya mpakani nimepita mimi," angesema. "Kuna mlima mbaya unakuja, ngoja uone kama ameutaja."

Mara ya kwanza kabisa, alipokuwa bado bibi harusi wa juzijuzi, wifi alifika kwenye yale maandishi madogo ya chini, akafungua mdomo, kisha akaufunga.

"Mbona umenyamaza, mwalimu?" mzee akauliza.

"Imeisha, Baba," alisema.

Tangu siku hiyo makala zote ziliishia hapo. Wifi hakumwambia mtu, hata mumewe, maana mumewe ni mtu mwema lakini mdomo wake hauna mlango. Alimwambia mhusika mwenyewe, siku moja Redio alipokuja kuwatembelea na wamesimama kwenye sinki wanaosha vyombo.

"Wifi," alisema bila kugeuka, "ile mistari ya chini huwa siisomi. Naishia kwenye nukta yako."

Redio alikuwa na sahani mkononi. Akaifuta, ikakauka, akaendelea kuifuta.

"Asante, wifi," akasema mwisho.

"Usinishukuru. Silifanyi hilo kwa ajili yako, na silipendi."

Wifi akamnyooshea sahani nyingine.

Miaka ikaenda, makala zikarundikana. Ndipo kampuni moja ya vitabu ya hapo nyumbani ikaona vyema makala hizo zikusanywe, zitafsiriwe na zitolewe kama kitabu. Kwa lugha ya nyumbani. Uzinduzi ungefanyika kwenye ukumbi wa maktaba ya mji ule ule anaoishi baba yake. Mwandishi mwingine angeruka kwa furaha. Redio alipopata taarifa alikuwa ugenini kama kawaida yake, kwenye mji wa kiwanda cha ngozi, na aliketi ukingoni mwa kitanda cha watu. Simu ya wifi haikuchelewa.

"Hongera, wifi," mwalimu alisema. "Sasa niambie. Jalada nitaliruka vipi?"

"Hata mimi nawaza."

"Nyuma wameandika yale yale?"

"Wamenakili."

"Basi ujue Baba atajisomea mwenyewe. Kanunua miwani mipya kwa ajili ya hicho kitabu. Kila anayepita hapa anaonyeshwa hiyo miwani."

"Nitalirekebisha," Redio akasema. "Nakuahidi."

"Mimi usiniahidi. Mimi siye marehemu wako."

Wifi yake alikuwa na ulimi huo. Redio hakumchukia kwa neno lile, alijua amestahili kubwa zaidi. Siku iliyofuata akampigia Mhariri wa kampuni ya vitabu, mwanamke mtu wa kazi, asiye na makuu, aliyemtendea haki tangu mwanzo. Akamweleza. Aliongea haraka haraka kama mtu anayevuka barabara. Mhariri akasikiliza mpaka mwisho.

"Majalada yameshachapwa," alisema, "lakini tunaweza kubandika karatasi juu ya maneno yale. Hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba wakubwa wangu wataniuliza kwa nini. Na wasomaji wako wa ng'ambo watauliza baba amefufuka lini."

Redio alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa.

"Sikufanyii mzaha," Mhariri akaendelea. "Wewe watu wanakununua kwa sababu ya ukweli. Mtu akigundua hili la nyumbani kwako si kweli, atauliza, na vile viwanda je? Na wale wafanyakazi aliosema ameongea nao? Kwa hiyo lazima liandikwe vizuri, na liandikwe na wewe. Niandikie aya moja. Sema lilivyotokea. Tutaibandika na tutasimama na wewe. Lakini iwe mikononi mwangu kabla vitabu havijatoka kiwandani."

Aya moja, jamani. Huyu ni mtu anayeweza kuandika kurasa na kurasa juu ya ushuru wa ngozi bila kuinua kichwa, na zikasomeka. Aliketi mezani kwenye kile chumba cha nyumba ya wageni, akaandika, "Baba yangu yuko hai." Akaiangalia sentensi ile. Ilikuwa nzuri, fupi, ya kweli. Iliyofuata ndiyo iliyokataa kuja, kwa sababu iliyofuata ilipaswa kuanza na "Niliacha." Aliandika "Palitokea kutoelewana," akafuta. Aliandika "Mhariri mmoja alidhani," akafuta. Aliona jina lake likipita kwenye midomo ya watu wa magazeti, wakitikisa kichwa, na simu zao zikikoma moja moja. Hakuwa na kazi nyingine. Hakuwa na mume wala mtoto, hakuwa na nyumba, alikuwa na jina lile tu. Siku ya vitabu kutoka kiwandani ikapita, na alipogundua imepita alijiambia kwamba ni vizuri hivyo, kwamba kwanza anatakiwa amwambie baba yake uso kwa uso, hayo ya majalada baadaye. Akajiona hata ni muungwana kwa uamuzi ule. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno zuri la kujifunika.

Akarudi nyumbani siku chache kabla ya uzinduzi. Alimkuta baba yake sebuleni, ametandika gazeti sakafuni, anang'arisha viatu. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye mlango, na tai mbili zilikuwa zimening'inizwa juu yake zikisubiri hukumu. Mzee alimkumbatia kwa viwiko asimpake kiwi.

Redio akaketi. Akapiga moyo konde.

"Baba, kuna jambo."

"Kama ni kuniambia nisiongee ukumbini, nimeshaonywa na mwalimu. Nikae kama mgonjwa anayesubiri kuitwa."

"Si hilo, Baba."

"Basi hata mimi nina langu. Anza wewe."

"Anza wewe, Baba. Wewe ndiye mkubwa."

Ndivyo alivyoponyoka, kwa adabu. Mzee aliendelea kusugua kiatu kilichokwisha kung'aa. Alisema bila kumtazama, kama watu wa rika lake wanavyosema mambo ya moyoni.

"Mimi sikuwalea," alisema. "Usinikatize. Mama yenu ndiye aliyewalea, mimi nilikuwa napita. Ulipolazwa na yale malaria mabaya, nilikuwa mpakani nasubiri karatasi. Uliposoma shairi mbele ya shule nzima, mpakani. Nilipostaafu nikawa najiambia, huyu binti atanikumbuka kama mtu aliyekuwa anakuja kubadilisha nguo. Nililala na hilo muda mrefu. Halafu mwalimu akaanza kunisomea kazi zako. Nasikia umesimama kwenye maegesho, unauliza gari limebeba nini, linapeleka wapi, kwa nini linarudi tupu. Nikasema, ala, hayo maswali nayajua mimi, yaliulizwa jikoni kwangu. Kumbe nilikuwepo kidogo." Akaweka kiatu chini. "Ndilo hilo tu. Haya, lete lako."

Redio alifikiri: sasa. Alifikiri: sasa hivi, kabla hajaokota kiatu cha pili. Mzee akaokota kiatu cha pili.

"Nilitaka kusema," alisema, "ile tai ya bluu ndiyo inayokupendeza."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, Baba."

"Na uso wote huo umeukunja kwa ajili ya tai," mzee akasema, akacheka mpaka akakohoa. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Alimtazama Redio kwa kitambo, kisha akapita kwenda kuanika.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Walikuwepo walimu, wanafunzi wa chuo, watu wa benki, waandishi vijana waliotaka kujua huko nje mtu anafikaje. Vitabu vilipangwa mezani karibu na mlango. Redio alikaa jukwaani na mtangazaji wa televisheni aliyealikwa kuendesha shughuli, kijana mcheshi mwenye suti ya kubana. Safu ya mbele walikaa watu wa kwao: baba na tai yake ya bluu, mdogo mtu, na wifi katikati yao kama askari. Wifi alikuwa ameshapanga vita vyake. Mzee alipotaka kwenda mezani kuchukua kitabu alimwambia foleni ni ndefu, atakanyagwa, watachukua nyumbani kwa utulivu. Mzee akakubali. Redio aliona yote hayo kutoka juu na akaanza kupumua.

Ila mdogo mtu, hana hili wala lile, aliamka mwenyewe akaenda kule mlangoni, akarudi na nakala. "Shika, Mzee," akasema, akamwekea mapajani, akaketi anatabasamu kwa wema wake wote. Wifi alinyoosha mkono, akachelewa.

Jukwaani mtangazaji alikuwa anauliza swali refu kuhusu safari ya kwanza. Redio alikuwa anaitikia kwa kichwa na hasikii neno. Alimwona baba yake akilipapasa jalada la mbele, akipitisha kidole juu ya jina. Alimwona anakifungua, anakinusa, anakifunga. Alimwona anakigeuza. Miwani ile mpya ilikuwa safi na taa za ukumbi zilikuwa kali. Mzee alikuwa na tabia ya kusoma huku midomo inacheza, na midomo ikaanza kucheza, taratibu, mstari kwa mstari. Ikasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaanza tena kutoka juu. Mara ya pili midomo haikucheza. Alipomaliza alikigeuza kitabu jalada la mbele likawa juu, akakilaza kwenye magoti, akaweka mikono yote miwili juu yake. Hakuinua macho kumtazama bintiye. Redio alimsubiri amtazame, hata kwa hasira, hata kwa sekunde, na mzee alikuwa anaangalia viatu vyake.

Swali liliulizwa mara ya pili. Redio akajibu kitu fulani, watu wakacheka, kwa hiyo lazima kilikuwa cha kuchekesha. Mtangazaji, alipoona ukumbi umechangamka, akashuka jukwaani na kipaza sauti.

"Hapa mbele naona mzee mmoja aliyependeza kutushinda wote," alisema. "Shikamoo, Mzee. Wewe ni nani wa mwandishi wetu?"

Mdogo mtu alikuwa ameshafungua mdomo. Mzee alimtikisia kichwa, akamnyamazisha. Akasimama polepole, kitabu kimebanwa kwapani, akapokea kipaza sauti. Na Redio, aibu iliyoje kulisema hili, hata pale alikuwa anaomba baba yake amfanyie kazi yake. Sema, Baba, aliomba kimoyomoyo. Sema wewe, yaishe.

"Mimi ni baba yake mdogo," mzee alisema. "Nimemfuata marehemu kuzaliwa."

Mdogo mtu akageuka kumtazama kama amesikia mtu anaweweseka. Wifi alimshika mkono kwa nguvu, akamnong'oneza sikioni kilichoandikwa nyuma ya kitabu, na uso wa kijana wa watu ukabadilika.

"Karibu sana, baba mdogo," mtangazaji akasema, sauti imelainika. "Nyuma ya kitabu tumesoma kwamba kaka yako alimwacha mtoto huyu angali mdogo. Unaweza kutuambia neno juu yake? Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mzee alifikiri. Ukumbi ulimpa nafasi afikiri.

"Marehemu alikuwa dereva wa malori," alisema. "Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakumpiga mtu. Ila nyumbani hakuwepo. Mtoto anaanza kutembea, yeye yuko mpakani. Mtoto anaanza shule, yuko mpakani. Mtu wa namna hiyo, kwa mtoto, ni kama alikufa mapema. Mtoto hana kosa hapo." Akakibana kitabu vizuri kwapani. "Lakini marehemu alimpenda mtoto huyu. Alikuwa akirudi, kabla ya kuvua viatu, anauliza yuko wapi. Kama angekuwa hai leo, na nyinyi mmejaa hivi kwa ajili yake, angefurahi. Nadhani angefurahi."

Mwanamke mmoja safu ya tatu alikuwa anajifuta macho. Mtangazaji naye alikuwa ameinamisha kichwa. Redio hakujua amesimama saa ngapi, alijikuta tu yuko wima, kipaza sauti chake mkononi.

"Baba," alisema, na neno likatoka kwenye spika zote za ukumbi. "Jamani, huyu si..."

Mzee aliinua mkono, kiganja mbele, kama tingo anavyomwashiria dereva asirudi nyuma zaidi. Sasa ndipo alipomtazama. Hapakuwa na hasira katika yale macho, na kama ingekuwepo Redio angeishika hiyo hasira na kuendelea.

"Keti, mwanangu," baba yake alisema. "Watu wamekuja kusikia habari za kitabu. Usijiharibie."

Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Mhariri wa kitabu alikuwa pembeni, mikono kifuani, anasubiri. Wifi alikuwa anasubiri. Mdomo wa Redio ulikuwa wazi tayari, na kilichobaki ni sentensi moja, fupi, ya kweli, ile ile aliyoiandika kwenye nyumba ya wageni. Aliangalia vitabu kwenye mapaja ya watu, safu kwa safu, na jina lake juu ya kila kimoja.

Akaketi.

Mtangazaji akasema ni fahari kuona familia inayoheshimiana kiasi hiki, watu wakapiga makofi, na mzee akarudisha kipaza sauti kwa mikono miwili, akakaa. Swali lililofuata lilihusu bei ya saruji, na Redio alilijibu vizuri.